Boga: Msimu wa upinde haumngoji mgonjwa, basi dawa imfuate mwindaji

BUNIA – Mwindaji wa upinde mwenye kikohozi hana kazi msituni. Mboloko, yule mnyama mdogo wa rangi ya moshi anayeliwa sana katika misitu ya Ituri, husikia kijiti kikivunjika kabla mtu hajamwona. Anayemvizia hukaa kimya karibu na mti unaodondosha matunda, saa nyingi, akingoja mnyama aje kuokota. Akikohoa mara moja tu, siku imekwisha na anarudi mikono mitupu. Ndiyo maana kifua kikuu kwa mtu wa upinde huleta njaa nyumbani kwake kabla hakijamwangusha mwenyewe.

Hesabu hiyo ni ya kawaida kwa familia za Bambuti, lakini ni vigumu kuiona ikipewa nafasi pale mipango ya afya inapoandikwa. Mgonjwa anapewa tarehe ya kurudi kituoni. Chanjo inapangiwa wiki yake. Operesheni za ngiri zinatangazwa pale daktari mpasuaji anapopatikana. Hakuna anayeuliza kama siku hiyo mtu atakuwa kijijini au ndani ya msitu, mwendo wa siku nzima kutoka barabarani. Asipofika, inaandikwa kwamba ameacha matibabu, na maneno ya zamani yanarudi: Bambuti hawapendi dawa, Bambuti hawaelewi.

Wanaelewa vizuri sana. Wanachagua kati ya vitu viwili ambavyo vyote vinawaua, na wanachagua kile kinachochelewa kuua.

Boga iko kusini mwa mji wa Bunia, katika teritwari ya Irumu. Upande wa mashariki nchi inashuka kuelekea bonde la Semliki na mpaka wa Uganda, eneo la ng'ombe wa Wahema. Upande wa pili, kuelekea Tchabi na mbele zaidi Mont Hoyo, msitu unaanza. Ni msitu uleule aliokuwa akiuingia mhubiri Apolo Kivebulaya, Mganda aliyefika Boga mwaka 1896, akafanya kazi kati ya Bambuti katika uzee wake na kufariki hapo Boga mwaka 1933. Kanisa la Kianglikana la Congo linahesabu mwanzo wake kutoka hapo. Inafaa kukumbusha, kwa sababu wapo wanaozungumza juu ya Bambuti wa pembeni mwa Boga kama vile waligunduliwa jana na shirika fulani lenye gari jeupe.

Bambuti wa Ituri hawawindi wote kwa namna moja. Wale wanaoishi karibu na Wabila wanajulikana kwa wavu. Wale wanaoishi karibu na Walese wanajulikana kwa upinde. Tofauti hiyo ina maana kubwa mtu anapougua. Wavu ni kazi ya watu wengi: wanaume wanatega, wanawake na watoto wanafukuza wanyama kwa kelele. Mmoja akibaki kambini na homa, wengine wanaziba nafasi. Upinde ni wa mtu mmoja. Bega linalovuta ni lake, kifua kinachozuia pumzi ni chake, na jicho pia. Malaria ikimshika siku tatu, mikono inatetemeka kwa wiki nzima baada ya homa kuisha, na mshale unakwenda unakotaka.

Hata hivyo wazee wa upinde walikwisha kujipangia dawa ya tatizo hili, na ni dawa yenye akili. Katika uwindaji wa pamoja, wanaume wenye pinde huzunguka sehemu ya msitu, na mbwa wadogo wasiobweka huingia katikati na kengele za mti shingoni. Mnyama anatoka mbio, mshale unaruka. Akianguka, nyama haigawanywi ovyo. Aliyemchoma mnyama kwanza ana sehemu yake. Aliyemmalizia ana yake. Mwenye mbwa naye ana sehemu yake, hata kama yeye mwenyewe yuko kambini amejifunika nguo kwa baridi ya homa. Kifaa au mbwa akienda kuwinda, mwenye mali anahesabiwa kama amekwenda.

Kwa lugha ya mjini hiyo inaitwa bima. Mtu anaugua mwezi mzima, mbwa wake anaenda kazini badala yake, na watoto wanakula. Hakuna karani wala fomu, na ada ya mwezi haipo. Bima hiyo ina sharti moja tu: mgonjwa awe kambini, pamoja na wenzake, kwenye msitu. Ukimhamisha peleka mahali pengine, imekatika. Nyama haiwezi kumfuata.

Na watu wamehamishwa. Mei 2021 serikali iliweka Ituri na Kivu ya Kaskazini chini ya utawala wa kijeshi. Mwezi huohuo, usiku wa kuamkia tarehe 31, washambuliaji waliodaiwa kuwa wa ADF waliingia Boga na Tchabi na kuua watu zaidi ya 50. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Juni, hospitali kuu ya Boga iliporwa na kuchomwa moto. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, lililokuwa likisaidia hospitali hiyo, lilieleza uharibifu huo hadharani. Novemba 2021 majeshi ya Congo na Uganda yakaanza operesheni ya pamoja dhidi ya ADF. Wakati wote huo raia walikuwa njiani: wengine Bunia, wengine Komanda, wengine ng'ambo ya Semliki, nchini Uganda.

Kwa mkulima wa kakao, kukimbia ni kuacha shamba na kuomba wezi wasivune. Kwa mwindaji wa upinde ni zaidi ya hapo. Msitu wenyewe umegeuka njia ya watu wenye silaha. Mwanaume anayetoka kwenye miti akiwa na upinde mgongoni anaulizwa maswali na kila upande: waasi wanamwona kama mpelelezi wa jeshi, askari wanajiuliza kama ndiye anayewaonyesha waasi njia. Anayejua vijia vyote vya msitu ni mtu hatari wakati wa vita, hata kama alichofuata ni nyani. Hivyo miezi ya upinde imepotea, si mwaka mmoja tu. Mbwa wamekufa au wameuzwa. Mtoto aliyekuwa na miaka 6 mwaka 2021, umri ambao wavulana huanza kulenga panzi na panya kwa upinde mdogo, amekulia pembeni ya mahema, akijua kubeba maji na kuni za watu wengine.

Ni katika hali hiyo ndipo mtu anagunduliwa ana kifua kikuu.

Chukulia baba wa watoto wanne ambaye ameweza kurudi karibu na msitu. Kipimo kinasema ana ugonjwa mwezi wa pili. Matibabu ya kawaida ni miezi 6: miezi 2 ya kwanza anameza dawa nne kwa pamoja, kisha miezi 4 ya dawa mbili. Dawa zenyewe zinatolewa bure na mpango wa taifa, na hilo ni jambo jema. Lakini akihesabu kwenye vidole, mwezi wa pili mpaka wa nane, anaona kitu ambacho muuguzi hakukiona: katikati ya hesabu hiyo kuna asali.

Bambuti wana kalenda yao ambayo haikuandikwa popote. Kuna wakati wa mavuno, familia zinapokaribia vijiji kwa sababu kazi ya shamba inalipwa kwa ndizi, muhogo na karanga. Kuna siku za upinde na mbwa, mvua ikipungua. Na kuna miezi ya asali, takriban kuanzia Juni mpaka Agosti, miti mikubwa ikisha kutoa maua, ambapo watu huingia ndani kabisa na kukaa huko. Atakayebaki barabarani wakati huo anabaki peke yake na wazee wasioweza kutembea.

Sasa tazama jinsi mambo mawili yanavyogongana. Baada ya wiki kadhaa za dawa, kikohozi kinapungua, uzito unarudi, bega linapata nguvu. Mgonjwa anajiona amepona. Hajapona, vijidudu bado vipo, na akikatiza dawa ugonjwa unaweza kurudi ukiwa mgumu zaidi, usiosikia dawa za kawaida. Lakini ni wakati huohuo wenzake wanafunga mizigo kwenda kwenye asali. Mtu aliyepoteza misimu kadhaa kwa ajili ya vita anaambiwa apoteze mwingine, akiwa na afya mwilini, kwa sababu kila baada ya siku chache ni lazima aonekane mbele ya muuguzi. Mlipwaji mshahara wa Bunia angepewa likizo ya ugonjwa. Huyu anapewa lawama.

Njia ya kutoka ipo, na si ya gharama kubwa. Katika zoni zote za afya nchini kuna wasaidizi wa kujitolea wa vijijini wanaoitwa reko. Mara nyingi wanatoka katika familia za wakulima, kwa kuwa fomu zinahitaji mtu anayesoma. Kazi ya kuhakikisha mgonjwa anameza vidonge kila asubuhi haihitaji diploma. Inahitaji mtu anayelala kambi moja na mgonjwa, anayeheshimiwa, na kipande cha kadi chenye alama za siku. Mke anaweza, na mama mkwe anaweza vizuri zaidi, maana hakuna mwanaume wa kambini atakayemdanganya mama mkwe kwamba amemeza. Wapewe dawa za wiki nyingi kabla ya kuondoka, zikiwa zimefungwa zisipate unyevu, na wakubaliane mahali na siku ya kukutana na muuguzi kwenye ukingo wa msitu. Miezi 2 ya kwanza, yenye hatari zaidi, mgonjwa abaki karibu. Hiyo haina mjadala. Iliyobaki iende naye.

Ngiri ni hadithi nyingine. Kuvuta upinde, kupanda mti wa asali na kubeba mnyama mgongoni ni kazi za tumbo kama zilivyo za mikono. Mwenye ngiri hufunga kitambaa kiunoni na kuendelea, miaka na miaka, mpaka siku utumbo unabanwa na kila dakika inakuwa ya thamani. Akipasuliwa mapema, anahitaji wiki kadhaa bila kazi nzito. Hapa uamuzi ni mwepesi kabisa: timu za upasuaji zinazopita Boga zipange siku zao wakati wa mavuno, watu wakiwa karibu na vijiji na chakula kikipatikana bila upinde. Kumpasua mwindaji siku mbwa wanapofungwa kengele ni kumwomba akatae.

Na buba, ugonjwa wa vidonda ambao bado unaonekana kwa watu wa misitu ya Afrika ya Kati, unatibiwa kwa dozi moja ya vidonge vya azithromycin. Dozi moja. Huo hauna kisingizio chochote cha kalenda. Inatosha mtu mmoja kutembea mpaka kambini.

Wengine watasema: kwa nini kuusaidia uwindaji wakati nyama ya pori inaleta magonjwa? Swali ni la haki, na Ituri inalijua kwa machozi. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 Kivu ya Kaskazini na kufika Ituri iliua watu 2,287 kabla ya kutangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020. Ni kweli kwamba mnyama aliyekutwa amekufa msituni haguswi, na kwamba nyani na popo ni hatari. Hilo lifundishwe kila kambi, tena kwa lugha ya kambi. Lakini mlipuko ule ulienea hasa kutoka mtu hadi mtu: katika nyumba za wagonjwa, kwenye mazishi, ndani ya vituo vya afya vyenyewe. Mboloko aliyechomwa mshale akiwa mzima anakimbia si chanzo cha vifo vile. Amri za jumla za kukataza nyama yote ya pori zilikuwa nyepesi kuandika, na aliyezilipia ni yule asiye na ng'ombe, asiye na kuku, asiye na franga za kununua samaki.

Hapo kuna jambo dogo linaloweza kubadilishwa hata kesho. Ndugu wa mgonjwa anayetoka msituni na fungu la nyama iliyokaushwa kumpelekea mtu wake hospitalini hukutana na vizuizi barabarani. Anayesimama pale anaweza kuitwaa nyama kwa jina la afya, kwa jina la wanyama wa serikali, au kwa jina la tumbo lake. Vyovyote, mgonjwa halali kitandani amekula. Mkuu wa usultani na wakubwa wa jeshi katika eneo la Boga wanaweza kutoa neno moja: nyama ya mboloko ya kilo chache kwa mgonjwa ipite, nyama ya okapi au ya sokwe ikamatwe pamoja na mwenyewe. Askari anaweza kuelewa tofauti hiyo akionyeshwa mara moja.

Wapo pia watetezi wa wanyama, na hoja yao nayo haifai kudharauliwa. Upinde hauna usafi wa milele. Mfanyabiashara akifika na pesa na kununua kila kinachotoka, mishale inaongezeka na msitu unakauka, upinde uwe wa babu au wa mjukuu. Lakini anayejaza masoko ya mijini kwa nyama ya pori anatumia bunduki na maelfu ya mitego ya waya isiyolala, isiyougua na isiyochagua jike lenye mimba. Mtego hauna msimu. Upinde unao, kwa sababu mwenye upinde anachoka, anaugua, anakwenda kwenye asali, anavuna karanga. Ukitaka kupunguza uwindaji, anza na kile kisichopumzika.

Upande wa sheria nako kuna kazi. Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 kuhusu uwindaji inazungumza juu ya vibali na juu ya nyakati za kufungua na kufunga uwindaji, kama vile kila mwindaji ana anwani na ofisi ya mazingira iko jirani. Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za wenyeji wa asili Wapigme, pamoja na mila zao na matumizi yao ya ardhi na mali ya msitu. Sheria hizo mbili zinakaa kwenye nchi moja bila kusalimiana. Bunge la jimbo la Ituri halihitaji kungoja Kinshasa ili kuanza kuzikutanisha: liwaite wazee wa upinde wa Irumu na Mambasa, liwasikilize kalenda yao mwezi kwa mwezi, na liiandike. Kalenda hiyohiyo itafaa kwa afya, kwa shule, na kwa uandikishaji wa wapiga kura.

Usalama hauko mikononi mwa muuguzi, hilo linajulikana. Hakuna kadi ya vidonge itakayofukuza ADF msituni. Lakini ni kosa kusema kila kitu kingoje amani, maana kifua kikuu hakikungoja, wala ngiri. Familia zinarudi msituni kila zinapopata mwanya, wiki mbili hapa, mwezi pale, zikisikiliza redio na milio ya risasi kabla ya kusonga. Msimu wa upinde wa siku hizi ni vipande vipande. Huduma inayotaka kuwafikia watu hao nayo italazimika kuwa ya vipande: mzigo mdogo, muuguzi mwenye viatu vizuri, na miadi inayoweza kusogezwa kwa ujumbe wa mdomo.

Kwa kuanzia, zoni ya afya ya Boga inaweza kuongeza swali moja kwa kila mgonjwa wa muda mrefu anayetoka kwenye familia za wawindaji, siku ileile anapopewa dawa ya kwanza: mwezi wa saba utakuwa wapi, na nani atakuwa pamoja nawe? Jibu liandikwe kwenye kadi yake, chini ya uzito wake.